Usiiachie Mazabodi Ikuamulie Volti

Nilibadilisha tarakimu moja tu. Kwenye BIOS, penye kizidisho cha prosesa palipoandikwa 40, niliandika 45, nikahifadhi, kompyuta ikawaka. Haikuganda wala haikulalamika. Nikajiona fundi. Kisha nikafungua HWiNFO kuangalia mambo yanavyokwenda, macho yakatua kwenye mstari wa Vcore, yaani volti ya prosesa: 1.424. Volti sikuwa nimeigusa. Niliiacha kwenye Auto, na mazabodi ikajikadiria yenyewe, kama mpishi wa shughuli anayetia chumvi bila kuonja.

Prosesa yenyewe ni Core i7-6700K ya Intel, toleo la Agosti 2015, viini vinne, kasi ya kawaida gigahezi 4.0. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa sababu nahariri video za harusi na sendofu, na kurenda video ya saa tatu kwa mashine dhaifu ni kulala ofisini. Ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi kubwa kuliko iliyopangiwa kiwandani, ilikuwa njia ya kupunguza dakika bila kutoa hela nyingine. Wiki tatu zilizofuata nilijifunza kwamba kupandisha kasi ni jambo la sekunde moja. Kazi iko kwenye volti, na kazi yenyewe ni kuitafuta ile ndogo kabisa inayotosha. Wengi huifanya kinyume: wanaongeza mpaka mashine inyamaze. Nilipompigia fundi mmoja wa Kariakoo kumwambia kompyuta inajizima nikifika 4.7, alinijibu papo hapo, “Kaka, ipandishie volti, itatulia.” Na kweli hutulia, kwa muda. Prosesa ile ile kwa 4.5 ilikuja kutosheka na volti 1.28. Tofauti kati ya hapo na ile 1.424 ya mazabodi ilikuwa joto la bure, nililolilipia mimi kwa umeme wa Luku.

Hakikisha kwanza kama mashine yako inaruhusu. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zilikuwa za maofisini, na hizo hazina nafasi ya mchezo huu. Kwa Intel, prosesa iwe na herufi K mwishoni mwa jina na mazabodi iwe ya chipseti ya Z, kama Z97, Z170 au Z690. i7-6700 isiyo na K kizidisho chake kimefungwa. Kwa AMD, Ryzen za mezani karibu zote ziko wazi, lakini mazabodi za chipseti A, mfano A320, hazikuruhusu. Na zile zenye jina la kuishia na X3D zina masharti yake, tutazigusa. Ukikuta yako haimo, hela uliyotaka kununulia kipozeo ongezea RAM au SSD. Utauona utofauti mkubwa zaidi, na mimi si wa kukuficha hilo.

Jambo la pili linawachanganya wengi. Volti tunazozungumzia hapa siyo za ukutani. Umeme wa ukutani ni volti 230. Pawa saplai inaushusha hadi 12. Halafu mazabodi inaushusha tena hadi volti moja na ushee, kupitia saketi zinazoitwa VRM zilizopangwa kando ya soketi ya prosesa. Stebilaiza inailinda pawa saplai umeme unapokuwa mdogo au unaporuka, lakini Vcore haiigusi kabisa. Nimekutana na mtu aliyenunua stebilaiza ya pili akidhani ndiyo itakayoituliza ovakloki yake.

Hebu tazama ukubwa wa mzigo ambao VRM inabeba. Prosesa inayokula wati 100 kwa volti 1.25 inavuta ampea 80. Birika la umeme la wati 2,000 halifiki ampea 9. Ndiyo maana mazabodi ambayo VRM zake ziko uchi, bila hata kipande cha hitisinki juu yake, haifai kupandishiwa volti, hata kama menyu zake zinakubali. Menyu hukubali mengi.

Sasa hesabu, na hii naomba uisome polepole. Joto la prosesa linapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti linapanda kwa kipeo cha pili: unazidisha volti kwa yenyewe. Mashine yangu kwa 4.0 ilikuwa inaridhika na volti 1.20. Kufika 4.5 ilihitaji 1.28. Kasi imeongezeka kwa asilimia 12.5, ukipiga hesabu ya kasi na volti kwa pamoja, joto limeongezeka kwa asilimia 28. Bei hiyo naikubali. Kutoka 4.5 kwenda 4.7 ilidai volti 1.42. Hapo kasi imepanda kwa asilimia 4 na ushee, na joto limepanda tena kwa asilimia 28 na ushee. Yaani megahezi 200 za mwisho ziligharimu sawa na megahezi 500 za mwanzo. Na hesabu hii ina huruma, maana haijaingiza umeme unaovuja ndani ya transista zikishapata moto, ambao nao huzaa joto lingine.

Kila prosesa ina mahali pake ambapo bei inaruka namna hiyo. Hata mbili za jina moja zilizotoka kiwanda kimoja hazifanani. Ukipapata mahali hapo, rudi hatua moja nyuma na ukae. Namba za mtu mwingine, zangu zikiwemo, ni za kukupa mwanga tu.

Kwa nini basi mazabodi iweke 1.424 pale ambapo 1.28 inatosha? Kwa sababu haijui umepata prosesa njema au mbovu. Aliyeiandikia BIOS anataka hata ile mbovu kabisa iwake, mnunuzi asirudishe mzigo dukani. Kwa hiyo Auto inapimia wote kwa kipimo cha aliye mbovu zaidi. Kwa mashine ambayo hujaigusa kasi, Auto kwa kawaida haina ubaya mkubwa. Ubaya unaanza pale unapobadilisha kizidisho ukaiacha volti ijitafutie.

Wala usidhani kampuni zenyewe hazitelezi hapa. Aprili 2023 zilisambaa picha za Ryzen 7 7800X3D zilizoungua hadi soketi ikayeyuka; AMD ikatoa marekebisho ya BIOS yaliyozuia volti ya SoC isipite 1.3, maana watu waliwasha EXPO, mpangilio wa kuharakisha RAM, na mazabodi zikaipandisha volti hiyo bila mwenye mashine kujua. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: prosesa za kizazi cha 13 na 14 zikaanza kuangusha magemu na programu, na kampuni ikakiri kwamba zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi. Maikrokodi ya 0x129 ya Agosti mwaka huo ikaweka ukomo wa 1.55, na waranti ikaongezwa miaka miwili. Prosesa zilizokwisha kuchakaa marekebisho hayo hayakuzirudisha. Ukiwa na mashine ya familia hizo, sasisha BIOS kwanza kabla ya kugusa chochote, tena uisasishe kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo unaweza kubaki na sahani ya kijani isiyowaka.

Kuchakaa kwenyewe ni hivi: mkondo mkali wa umeme, ukisaidiwa na joto, husukuma atomu za chuma kwenye nyaya nyembamba sana zilizomo ndani ya prosesa, kidogo kidogo, mpaka njia inakonda. Hutaona moshi. Utaona tu kwamba 4.6 iliyokuwa inatulia kwa 1.34 mwaka jana, mwaka huu inadai 1.36. Ukiijibu kwa kuongeza volti, unaiharakisha safari.

Haya, kazi yenyewe. Jifunze kwanza kurudi ulikotoka. Mazabodi ina pini mbili za kufutia kumbukumbu ya BIOS, au utatoa betri ya CR2032 kwa dakika chache baada ya kuchomoa waya wa umeme. Zijue ziko wapi kabla hujazihitaji. Kisha zima XMP, mpangilio wa kuharakisha RAM, ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida. Ukiovakloki prosesa na RAM siku moja, mashine ikianguka hutajua umkamate nani.

Mimi naanzia kwenye volti, si kwenye kasi. Toa Vcore kwenye Auto, iweke kwa mkono 1.25, kizidisho 42, ujaribu. Ikipita, 43. Ikipita, 44. Kila inapoanguka, ongeza volti kwa 0.01 au 0.02, si zaidi, ujaribu tena. Hii ni kazi ya kuchosha. Nilikuwa nikiifanya jioni huku nakunja nguo. Anayekuambia alimaliza kwa nusu saa, mashine yake itamwangusha siku ya kukabidhi kazi.

Kwa prosesa za kizazi cha 6700K, ukomo ninaouheshimu mimi kwa matumizi ya kila siku ni 1.35, na 1.40 ni ukuta. Majedwali ya Intel yanataja hadi 1.52 na kuna watu hulishika hilo kama ruhusa. Ile ni kadiri ambayo prosesa inaweza kuiomba, haina maana kwamba uiendeshe hapo mchana kutwa viini vyote vikiwa na mzigo. Na zile picha za gigahezi saba na nane ni za watu wanaomimina naitrojeni ya maji juu ya prosesa kwa dakika kadhaa. Hawarendi harusi.

Sasa kuna mpangilio mmoja ambao ndio ulinichukulia siku nyingi, na karibu kila anayeniuliza amekwama hapo: LLC (Load-Line Calibration). Ukiweka 1.30 kwenye BIOS, prosesa ikianza kazi nzito utaona 1.24. Hakuna kilichoharibika, volti imelegea kwa makusudi mzigo ulipokuja, ndivyo Intel ilivyosanifu. LLC huziba mlegeo huo. Ukiiweka kali kabisa, 1.30 inabaki 1.30 na roho yako inatulia. Tatizo ni mzigo unapoondoka. Mtu anayesukuma mkokoteni mlimani kwa nguvu zake zote, magunia yakidondoka ghafla, anakwenda puani. Volti nayo hufanya hivyo: kurenda kunapokwisha, inaruka juu ya ile uliyoiweka kwa muda mfupi mno, halafu inarudi. HWiNFO haitakuonyesha mruko huo kwa sababu kwa kawaida inasoma mara moja kila sekunde mbili. Prosesa imeupata, wewe hujauona.

Kwa hiyo weka LLC ya katikati, ukubali volti ishuke kidogo chini ya mzigo, na namba unayoihesabu kuwa volti yako iwe ile inayosomeka wakati wa kazi, si ile uliyoiandika kwenye BIOS. Na tahadhari, kwa maana kuna mtego hapa: watengenezaji hawakukubaliana lugha. Kwa ASUS namba kubwa ndiyo kali. Kwa ASRock na MSI ni kinyume, 1 ndiyo kali kuliko zote. Gigabyte wao wanatumia maneno, na kadiri neno linavyotisha ndivyo mpangilio ulivyo mkali. Mtu akikuambia “weka tano”, muulize ya mazabodi gani.

Unaposoma HWiNFO pia tofautisha VID na Vcore. VID ni volti ambayo prosesa inaiomba. Vcore ni ile iliyopewa. Nilipoteza jioni nzima nikishangaa kwa nini nabadilisha BIOS na namba haibadiliki. Nilikuwa nikitazama ombi.

Kujaribu. Cinebench mara moja ni salamu tu, si mtihani. Irudie kwa nusu saa, kisha tumia OCCT au Prime95, halafu kazi yako halisi, maana video yangu moja ya saa tatu iliwahi kuangusha mpangilio uliopita saa nne za majaribio. Prime95 yenye maagizo ya AVX ni kali mno kwa joto, kaa karibu nayo. Mashine ikianguka, namna ilivyoanguka inasema kitu. Ikijizima ndani ya dakika ya kwanza, uko mbali, shusha kizidisho. Skrini ya bluu baada ya dakika arobaini yenye neno WHEA au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, mara nyingi prosesa inadai 0.01 nyingine. Programu moja kujifunga peke yake huku Windows ikiendelea vizuri, usiipuuze, ni dalili ile ile kwa sauti ya chini. Iliyo mbaya kuliko zote haina sauti: fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA-Logger, tukio namba 19. Maana yake prosesa imekosea hesabu na kujisahihisha. Ukikuta matukio hayo yamejipanga, mashine yako haijatulia, hata kama haijawahi kuganda.

Joto nalo lina hesabu yake ya nyumbani kwetu. Majaribio mengi ya vipozeo unayoyasoma yamefanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Chumba changu Dar es Salaam, Februari, saa tisa alasiri, kina nyuzi 32 na feni ya dari inazungusha hewa ile ile. Kipozeo hakiwezi kuishusha prosesa chini ya hewa ya chumbani, kwa hiyo nyuzi kumi za ziada zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa. Mpangilio unaosoma nyuzi 76 kwa mwandishi wa Ujerumani kwangu ni 86. 6700K hujipunguzia kasi yenyewe ikifika 100, na mimi sitaki kuiona juu ya 85 hata kwenye mtihani. Kwa hiyo jaribu mchana wa jua kali, si saa kumi alfajiri. Niliwahi kujaribu alfajiri, nikafurahi, nikalala. Mchana ikazima mara mbili mbele ya mteja.

Ukiona joto limezidi huku volti ikiwa ya wastani, fungua kava kabla ya kulaumu BIOS. Vumbi kwenye mapezi ya hitisinki na pesti iliyokauka vinaweza kukunyang'anya nyuzi nyingi kuliko volti yoyote utakayoipunguza.

Prosesa ikishatulia, washa XMP. RAM za DDR4 za kawaida zinatumia volti 1.2, zenye XMP mara nyingi 1.35, na hiyo ni sawa. Angalia volti mbili jirani zinazopanda kimyakimya pamoja nayo, VCCIO na VCCSA. Kwa kizazi hiki zinaanzia 0.95 na 1.05, na Auto ya mazabodi yangu ilizipeleka karibu na 1.3 bila sababu. Nikaziweka kwa mkono 1.10 na 1.15, RAM haikujua tofauti.

Mwisho chagua volti ibaki imesimama au ifuate kasi kwa ofseti au adaptivu. Wapo wanaogombana juu ya hili kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe. Prosesa ikipumzika inavuta mkondo mdogo sana, hivyo volti iliyosimama haiiui. Ofseti inakuokolea umeme kidogo tu. Mimi naitumia kwa sababu kompyuta yangu hukaa ikiwaka muda mrefu bila kazi. Ukiitumia, ijaribu upya ikiwa kwenye mzigo mdogo pia, maana ofseti ya kupunguza inaweza kuipitisha mtihani mzito kisha ikaiangusha unapofungua barua pepe.

Sikubaki kwenye 4.5. Baada ya kiangazi kimoja nilishuka hadi 4.4, na kwa hatua hiyo ndogo volti ilishuka hadi 1.23, feni ikaacha kupiga kelele hadi kwenye rekodi zangu za sauti. Video inachelewa dakika mbili au tatu.

Andika mipangilio yako kwenye karatasi. Betri ya CR2032 ikiisha, au ukisasisha BIOS, yote inafutika na Auto inarudi kitini. Yangu imebandikwa kwa selotepu upande wa ndani wa kava, wino umeanza kufifia kwa joto: kizidisho 44, Vcore 1.23 kwenye mzigo, LLC ya katikati, VCCIO 1.10, VCCSA 1.15, XMP imewashwa, ilijaribiwa Februari saa tisa mchana.